RAV4 ya zamani inashofe ikipanda mulima ya Ngomo, fundi anasema pompe ya maji NA kurwa, ni kweli ao anataka kunila?

kijana_wa_nguba
Muko aje ba ndugu. Niko na RAV4 ya 1997, ile ya kwanza kabisa, motere 3S-FE ya esanse, lita 2. Mu mji hapa Bukavu haina shida, natoka Nguba napita Nyawera naenda mpaka Panzi na ile foleni yote ya pale fasi inaitwa Essence, sindano ya joto inakaa palepale katikati. Lakini nikitoka Kamanyola napanda Ngomo kurudi Nyangezi, mbele hata ya kufika nusu sindano inaanza kupanda, nafungua shofaji na madirisha yote (watoto wanalia nyuma), inashuka kidogo kisha inapanda tena. Na asubuhi nakuta maji chini ya gari, karibu na tairi ya mbele ya kuume, si mingi lakini kila siku.

Nikapeleka garaji, fundi akamulika na taa ya telefone akasema pompe ya maji imekufa. Hapo sawa, nimekubali. Kisha akaongeza eti lazima tubadirishe na kurwa ya distribisio (ule mukanda wa ndani ya motere), na galeti (vile viringi vyenye kurwa inapitia), na ma jwe (zile za kuzuia maji yasivuje), sasa beyi imekuwa karibu mara tatu ya ile nilikuwa nimepanga. Shemeji yangu mwenye Corolla ya myaka ileile alibadirisha pompe peke yake, kurwa ya distribisio hawakuigusa, na gari inatembea mpaka leo. Sasa huyu fundi anasema ukweli ao ameona mutu wa kula?

fundi_kadutu
Mukubwa, kwa hiyo ya kurwa fundi wako hakudanganyi. Usilinganishe na Corolla ya shemeji. Kama Corolla yake ni motere ya 4A ao 5A, pompe ya maji inazungushwa na kurwa ya inje, ileile ya alternatere, basi unaitoa bila kusumbua distribisio. 3S ni mambo ingine. Pompe iko ndani, nyuma ya ma kava, na kurwa ya distribisio yenyewe njo inaizungusha, pamoja na pompe ya mafuta na ile shafti ya kufungua masupape. Ili ufikie pompe lazima ushushe tairi ya kuume, ushikilie motere na kriki, utoe saporo ya motere ya upande ule, puli ya chini, ma kava, kurwa, kisha njo uione pompe kwa macho. Kazi yote ni ya kufika pale. Ukisharudisha kurwa ya zamani, siku itakatika ao kuanza kulia utalipa kazi ileile mara ya pili.

Na tena kurwa ile imekunywa likidi ya radiatere siku ngapi? Kama inavuja upande wa kuume na ni pompe, maji yanashukia palepale. Kurwa yenye imeloana na likidi ao mafuta mimi siirudishe kwa gari ya mutu.

Japani wanapanga kurwa ile ibadirishwe kwa kilometre 100.000. Yako ya 1997, unajua ilibadirishwa lini? Kama haujui, hesabu kama haijabadirishwa.

Lakini kuko kitu kimoja cha kukutuliza: kwa 3S-FE kurwa ikikatika motere inazimika tu, supape hazigongane na pistoni. Basi haiko hatari ya kuua motere, iko hatari ya kulala njiani. Sasa kulala Ngomo ni shauri yako.

shofere_wa_panzi
Mbona muko munatengeneza hesabu kubwa hivi. Mimi niko teksi miaka mingi, gari ikishofe natoa termosta (kile kitu kinafungua na kufunga njia ya maji ya motere) natupa, maji inatembea bure, mambo imeisha. Dawa ya dola sifuri. Kijana jaribu hiyo mbele ya kumpa mutu pesa yako.

mutu_wa_goma
@shofere_wa_panzi kaka samahani lakini hiyo dawa ndiyo inajaza ma garaji. Kwanza huyu ndugu maji yake yanavuja chini, termosta itazibaje pale? Pili, kwa Toyota nyingi termosta iko upande maji yanaingilia motere, na iko na sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya radiatere, ya chini inafunga ile njia ya mkato. Ukitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, maji ya moto sehemu yake inazunguka ndani ya motere tu bila kupita kwa radiatere. Kwa hiyo mlimani unaweza kushofe ZAIDI, halafu kwa asubuhi ya baridi motere haifiki joto lake, kompyuta inafikiri gari bado baridi, inamwaga esanse. Termosta mupya inafunguka karibu na digri 82, haina beyi kubwa, iweke wakati munafungua maji yote kwa ajili ya pompe. Ile kivalvu kadogo kanachezacheza kakae juu, hewa itoke.

Ndugu wa Nguba, mbele ya pompe angalia BUSHONI (kifuniko) ya radiatere. Watu hawaipe heshima. Huku kwetu Goma na huko kwenu Bukavu tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwa digri kama 95, si 100. Bushoni nzuri ya Toyota, yenye imeandikwa 0.9 ao 88 kPa, inashika presha na maji hayachemki mpaka kupita 110. Sasa kama kaucho (ile ya ndani) imekauka ao rasoro imechoka, haishiki presha yoyote, motere inafika 95 tu mlimani na maji imeanza kutoroka kwa chupa ya pembeni. Mutu anaua pompe, anaua radiatere, kumbe ni bushoni.

Kitu kingine, unaweka maji gani? Kama ni ya Kivu uache leo. Maji ya ziwa iko na chumvi chumvi mingi, inaacha ile nyeupe ndani ya radiatere mpaka tiyo zinaziba. Ya mvua kutoka manjanja ni bora, na likidi yenyewe nusu kwa nusu ni bora zaidi. Najua hatuna barafu, likidi si ya barafu tu, inakataza kutu na inalinda jwe ya pompe.

mama_ya_bagira
Mimi si fundi, niko na gari yenye inafanya kazi na shofere, lakini nitasema yenye nimeona. Baba, usiache gari garaji ukarudi jioni kuchukua. Uzia piesi wewe mwenyewe, ukae pale kwa kiti, na uombe piesi za zamani zote urudi nazo nyumbani. Fundi muzuri hakasirike ukikaa. Mwenye anakasirika, umeshamujua. Na pompe ya okazio usikubali hata wakikupa kwa huruma, yenye imetoka kwa gari yenye imekufa haujui ilikuwa imebakiza nini.

kijana_wa_nguba
Aksanti sana wote, mama aksanti. Nimeangalia bushoni, kaucho imepasuka kweli, nimeuzia ingine. Lakini maji chini bado inaonekana asubuhi. @fundi_kadutu ntajuaje kama ni pompe kweli na si tiyo, ao (Mungu apishe mbali) jwe ya kilasi, ile ya chini ya kichwa cha motere?

fundi_kadutu
Tuanze na hiyo unaogopa. Motere ikiwa BARIDI, toa bushoni, jaza maji mpaka juu, washa, uangalie. Bule zikipanda bila kukoma na maji yanarushwa inje, ao ukisharudisha bushoni tiyo ya juu inakuwa ngumu dakika ya kwanza kabla hata motere haijapata moto, hapo fikiria kilasi. Chomoa na kijiti cha mafuta, ikiwa nyeupe nyeupe kama maziwa ya kahawa, ni mbaya. Kama hakuna hayo, pumua.

Kwa pompe: chini yake kuko kitobo kadogo kametengenezwa makusudi, jwe ya ndani ikichoka maji yanalilia pale. Ukitoa kava ya juu ya distribisio utaona alama nyekundu ao nyeupe zimekauka chini chini, na ukisikia kelele kama ya kukwaruza upande ule, bereng zimeanza kwenda. Tiyo ikivuja alama zinaanzia juu kwa koleo ya tiyo, zinashuka. Iko pia ile tiyo ya chuma inapita nyuma ya motere na kuingia kwa pompe, kaucho yake ya duara inakauka, watu wanabadirisha pompe mupya na kuacha kaucho ya zamani, kisha wanarudi kulalamika pompe ni feki. Muambie fundi aibadirishe pia, ni kitu cha franga kidogo.

Vantilatere yako naona iko muzima ju foleni ya Essence haikushofe, pale hakuna upepo ingine isipokuwa wa vantilatere. Inashofe mlimani ju maji yamepunguka na presha haikuwepo. Kwa mimi ni pompe na bushoni, lakini mwambie aoneshe hicho kitobo mbele ya kufungua.

Wakati wa kurudisha, simama karibu uangalie vitu vitatu. Uso pompe inakaa usafishwe mpaka chuma king'ae, jwe ya zamani isibaki hata kipande. Alama ya puli ya chini iko kwa 0 na alama ya juu iko kwa fasi yake. Kisha azungushe motere kwa MKONO na kle, mizunguko miwili upande wa saa, alama zirudi palepale, njo awashe. Fundi mwenye anawasha bila kuzungusha kwa mkono, mutoe kle kwa mkono wake.

mutu_wa_goma
Na ukiuzia pompe usiangalie kartoni, kartoni ya Aisin inachapishwa fasi yoyote. Toa pompe, zungusha kwa vidole, iwe laini na nzito kidogo, isichezecheze kuume na kushoto. Angalia jwe iko ndani ya kartoni. Ulinganishe na ya zamani, matundu ya bulo na urefu, mbele ya kulipa kama muuzaji anakubali.

shofere_wa_panzi
Haya, mumenishinda kwa maneno, lakini yangu bado inatembea bila termosta.

fundi_kadutu
Na esanse inakunywa namna gani?

shofere_wa_panzi
Hiyo ni mambo ya bosi.

kijana_wa_nguba
😂😂 Ba ndugu, kazi imefanyika. Kitobo kilikuwa kimejaa alama, fundi hakudanganya. Kurwa ya zamani ilikuwa na nyufa na imeloana upande moja. Tumeweka pompe, kurwa, galeti mbili, termosta na ile kaucho ya tiyo ya nyuma. Tumejaza maji bushoni ikiwa wazi, shofaji kwa moto wa mwisho, motere inatembea mpaka bule zikaisha na tiyo ya chini ikapata moto, kisha tukafunga. Kesho yake niliongeza kidogo baridi baridi. Ngomo bado sijapanda, nitaenda na bido ya maji kwanza. Swali ya mwisho: kurwa ya zamani niichunge ndani ya gari kama spea?

fundi_kadutu
Hapana. Ufungie nayo mbuzi.