Mzee wa siku 84 baharini: mshupavu au mkaidi? Mjadala uko wazi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, shule moja pembeni ya jiji hapa Dodoma, mtoto wa dada anamaliza. Mgeni rasmi ni mtu wa kusoma, hilo nampa. Tulitegemea "mvumilivu hula mbivu" kama kawaida, yeye akawaletea vijana The Old Man and the Sea, kitabu chembamba cha Ernest Hemingway cha 1952.

Kwa ambao hawajakisoma: Santiago ni mvuvi mzee wa Cuba, siku 84 hajapata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa na kijana, Manolin, hadi wazazi wakamhamishia chombo kingine, kwamba mzee ana nuksi. Siku ya 85 anatoka peke yake, mbali kuliko wenzake, ananasa samaki wa jamii ya sulisuli, mrefu kuliko chombo chenyewe. (Sisi wa bara tunaojua perege wa Mtera inabidi tuvute picha.) Samaki anamburuta usiku na mchana. Siku ya tatu mzee anamchoma chusa, anamfunga ubavuni. Njia ya kurudi, papa wanamtafuna. Anafika pwani na mifupa.

Mgeni rasmi akafunga na lile neno maarufu la mzee, kwamba mtu anaweza kuangamizwa lakini hashindwi. Vigelegele, mpaka spika zikalia.

Tatizo langu liko hapo hapo. Neno lile mzee analisema baada ya papa wa kwanza. Chusa limeshakwenda, lakini nyama nyingi bado ipo. Wakija wengine anapigana kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, kisu kinakatika. Anashika rungu, papa wanaondoka nalo. Anamalizia na mti wa usukani. Usiku, samaki ameisha, anajiuliza ni nini kilichomshinda. Anajijibu: hakuna kitu, nilikwenda mbali mno. Asubuhi Manolin anamletea kahawa, na mzee anamwambia kijana bila kuzunguka: wamenishinda. Mahafali yote niliyohudhuria, ukurasa huo haujawahi kufika jukwaani.

Kwa nini nimelichukulia moyoni? Nina baba mkubwa kule Chamwino. Kila mwaka ni mahindi. Mvua zetu mnazijua: msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu mwaka ukiwa na huruma, halafu Februari inakata wiki mbili tatu. Bwana shamba kaimba mtama na uwele hadi sauti imekauka. Mwaka jana Februari nilimkuta shambani, mbelewele ndiyo kwanza zinachomoza, saa nne asubuhi majani yameshajikunja kama msokoto wa tumbaku. Aprili akanimenyea hindi moja. Nilihesabu punje: kumi na tatu. Hatua chache tu, ng'ambo ya ua wa miiba, uwele wa jirani umesimama. Na mwaka huu mbegu ya mahindi keshanunua, ananiambia "sikati tamaa".

Kiswahili kina mshupavu na kina mkaidi, na kwa mbali wote wawili wanaonekana wameinama shamba lile lile. Msimamo wangu: kutoka siku ya 85 ni ushupavu. Kwenda mbali mno ni ukaidi. Vijana tunawafundisha kimoja kwa jina la kingine. Nipingeni.

*Mwalimu Mstaafu (Kondoa):*
Nakupinga, kijana wangu. Kitabu umekisoma vizuri mwisho, mwanzo umeuruka. Angalia anavyotega. Mishipi yake imenyooka kuliko ya mvuvi yeyote, kila chambo kiko kwenye kina chake. Anasema mwenyewe kwamba kuwa na bahati ni jambo zuri, ila yeye heri awe sahihi, ili bahati ikija imkute tayari. Mkaidi hafanyi hivyo. Mkaidi anarudia kosa, huyu anarudia kazi. Baba yako mkubwa je, anakinga maji? Anapanda kwa nafasi? Au anaberega tu, yaani kupanda bila kulima, na kutupia mbegu? Hapo ndipo pa kumpimia, kabla hata ya kuuliza amepanda nini.

*Wa Kongwa:*
Mnazungumzia ukaidi na hamjataja kwetu? Waingereza 1947 walikuja kulima karanga, matrekta kwa mamia, mibuyu na vichaka vikayavunja, udongo ukikauka ni saruji. 1951 wakafunga, mamilioni ya pauni yamezama. Wazee wetu wangeulizwa kuhusu mvua wangesema bure.

*Nkuhungu Moja:*
Na Dodoma yenyewe? TANU waliamua makao makuu yahamie huku 1973. Serikali ikaanza kuhamia kweli kweli baada ya tangazo la Magufuli la 2016. Miaka 43 bila samaki! Nani angewaambia wamekwenda mbali mno? Leo mnalalamikia foleni.

*Binti wa Mpunguzi:*
Mleta mada, swali moja. Umewahi kukaa kwenye dungu kulinda mtama?

Mimi nimekaa. Kwelea kwelea wanakuja kama moshi. Kabla jua halijatoka uwe umeshapanda juu, kombeo mkononi, debe la kugonga pembeni, unapiga kelele mpaka giza, wiki kadhaa. Ukishuka kula umekwisha. Hindi limevaa maganda yake, ndege hana habari nalo. Kwa hiyo mnaposema "wakulima wakaidi, waambieni walime mtama", mseme pia nani atalinda. Zamani walikuwa watoto. Sasa watoto wako shule, sawa, ni haki yao. Basi nani? Sisi nyumbani tulihamia zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini zabibu haisongi ugali na mche unataka maji na mtaji. Nenda kamuulize baba yako mkubwa kwa adabu, usimhukumu kwa hindi moja.

*Mleta mada:*
Wakuu, nimesoma zote. Wa Nkuhungu nitakujibu siku nyingine, foleni ya leo imenichosha. Mwalimu, shikamoo, anaberega, ndiyo, sina cha kumtetea hapo.

Binti wa Mpunguzi, nilimpigia jana usiku. Nikamsalimu, nikazunguka na habari za ng'ombe, mwisho nikauliza: baba, mtama unakushinda nini? Akacheka kwanza. Akasema, "Mtama niulinde na nani? Ninyi nyote mko mjini." Kisha akauliza kama bado nakohoa.

Sikulala mapema. Nilirudi kwenye kitabu. Kule baharini, mshipi unamkata viganja, mkono wa kushoto umekakamaa, kuna kitu mzee anakirudia rudia ambacho nilikuwa nakipita kila nikisoma: laiti kijana angekuwepo. Nami niliyefungua uzi huu kumwita mzee wangu mkaidi, ndiye niliyehamia chombo kingine. Nina stashahada na kiti cha kuzunguka.

Ukaidi upo, sijafuta hoja. Ila nilimhesabia punje bila kuhesabu watu waliobaki pale kwake. Ni wawili, yeye na mama mkubwa mwenye magoti mabovu.

Sasa naomba msaada wa wenye uzoefu. Mtama mweupe, mbegu ya Macia, ukipandwa Desemba mwishoni, kwelea wanaanza kuingia lini hasa, na wanakaa wiki ngapi? Nina likizo ya siku 28 na inabidi nijaze fomu mwezi huu.