Rumeti akilewa anataka kuendesha

Jamani rumeti wangu ana miaka 17, kila wikendi anapiga mtungi alafu anashika usukani, eti akinywa kahawa na kuoga maji baridi zinakata. Kweli?

> Uongo mtupu. Kahawa inaondoa usingizi tu, pombe bado imo kwenye damu, ini linahitaji kama saa nzima kwa kinywaji kimoja, sasa akimaliza sita saa 8 usiku hata saa 12 asubuhi bado zimo na yeye anajiona yuko freshi.

> Chukua funguo KABLA hajaanza, akishalewa ni ubishi tu. Mimi wa kwangu nilizificha ndani ya kiatu, akaninunia wiki nzima, poa tu.

> Na anayemnunulia dogo wa 17 ni nani??