Kuni gani za kupasha nyumba joto msimu wa mvua?

Mama wa Himbi: Jambo bandugu, Goma yetu hizi siku za mvua baridi inaingia mpaka kitandani, nyumba ni ya mbao, watoto wanakohoa. Tuko na jiko ya chuma yenye bomba ya moshi lakini sijue ninunue kuni gani, muuzaji anasema kalitusi, jirani anasema sipre. Munisaidie.

Muuza Kuni: Mama chukua kalitusi ao akasia, ni miti mizito, inatoa moto mingi na makala yake inakaa mpaka usiku. Sipre ni ya kuwashia tu, inawaka mbio na inarusha cheche. Lakini kalitusi mbichi usiguse kabisa! Gonga vipande viwili, vikilia ko ko viko vikavu, vikilia bu maji bado iko ndani. Angalia na ncha, zikavu zinakuwa na nyufa.

Papa Katindo: Ni kweli, na zipasuliwe mapema, uzipange juu ya mawe, mabati juu, pembeni wazi upepo upite. Miezi 6 ao zaidi.

Dada wa Bukavu: Mama, tafadhali sana, usiingize mbabula ya makala (ile jiko ndogo isiyo na bomba) chumbani na kufunga mlango. Gesi inayotoka kwa makala haina harufu, inaua watu wakilala. Acha dirisha wazi kidogo hata ukitumia jiko yenye bomba.

Mama wa Himbi: Aksanti sana. Akasia inapatikana wapi karibu na Himbi?