Naambiwa nisaini kuwa nimewageuza wakazi usiku ilhali sikuwageuza: nifanye nini?

Mlezi wa Zamu, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mlezi katika kituo cha watu wenye ulemavu hapa Moshi, na huu ni mwaka wangu wa nne. Tuna wakazi 14, ambao kwa mazoea tunawaita watoto ingawa wawili kati yao wameshaota ndevu. Tisa wana mtindio wa ubongo wa kiwango ambacho hawawezi kujigeuza wenyewe kitandani. Zamu ya usiku huanza saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, usiku sita kwa juma, na tangu mwenzangu alipoacha kazi naikaa peke yangu.

Mlangoni mwa bweni imebandikwa ratiba ya kuwageuza kila baada ya saa 2, na chini yake lipo daftari ambamo natakiwa kuweka saini kwa kila mtoto, kila mzunguko. Ukweli ni kwamba usiku mwingi nafanikiwa mizunguko mitatu, si sita. Mwanzoni niliacha wazi nafasi za mizunguko nisiyoifanya. Asubuhi moja matroni aliniita, akazipitia nafasi zile kwa ncha ya kalamu, akaniambia wakaguzi wa mfadhili wako njiani, nijaze. Nikajaza, na nimeendelea kujaza kwa majuma matatu. Juzi, nilipokuwa namwogesha binti mmoja, niligusa nyonga yake ya kushoto nikakuta ngozi imekuwa ngumu na ya moto kuliko pembeni yake. Nilikwenda kulifungua daftari. Binti huyo amegeuzwa kila baada ya saa 2 bila kukosa, kwa saini yangu.

Karatasi niliyopewa nilipoanza inasema kwamba mimi ni mtu wa kujitolea ninayelipwa posho. Je, nikikataa kusaini nina pa kusimamia, au nitaambiwa tu nibaki nyumbani?

Fiziotherapia, Moshi

Marahaba, na pole sana. Naomba tuanze na binti, daftari litafuata. Ngozi ngumu yenye joto juu ya mfupa ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, hata kama hakuna kilichochubuka. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, ndiyo maana mkono wako umegundua kabla ya jicho, na umefanya vizuri kugusa. Asilalie upande huo kabisa kwa sasa, usipakande wala kupasugua kwa mafuta (ushauri huo wa zamani bado unazunguka kwenye vituo vingi), na aonwe na muuguzi au daktari kabla eneo hilo halijafunguka. Likishafunguka hadi kwenye nyama, utauguza kwa miezi.

Sasa kuhusu ratiba. Kumgeuza mtu mmoja ipasavyo, yaani kufungua chandarua, kumwinua kidogo badala ya kumburuta, kubadilisha pampasi na shuka iliyolowa, kupanga mito katikati ya magoti na nyuma ya mgongo, kisha kunawa mikono kabla ya kwenda kitanda kinachofuata, kunachukua takribani dakika 10. Kwa watu tisa ni dakika 90. Zinabaki dakika 30 kwa wakazi wengine watano, kwa atakayepata degedege, kwa atakayetapika, na kwa wewe kukaa chini. Hapo nimehesabu kana kwamba mtu mmoja anaweza kumgeuza kijana wa kilo 50 bila msaidizi, jambo ambalo mgongo wako utalidai baadaye. Aliyeandika ratiba hiyo aliwahesabu wakazi, hakumhesabu mlezi.

Niongeze pia kwamba saa 2 si kipimo cha lazima kwa kila mtu. Yapo magodoro yanayoruhusu muda mrefu zaidi, na wapo watu ambao ngozi yao haivumilii hata hizo 2. Kituo kiombe wataalamu wa viungo waje kumpima kila mkazi, na hapa Moshi hawako mbali, kwa kuwa hospitali ya KCMC ina idara ya fiziotherapia na kipo TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Pengine kati ya hao tisa wanne ndio wa hatari kubwa, na hao wasikose hata mzunguko mmoja.

Baba Mzazi, Njiro

Mwanangu alikaa kwenye kituo kimoja kwa mwaka na nusu, kituo ambacho sitakitaja. Nilipokwenda kumchukua kwa likizo nilikuta kidonda kwenye kifupa cha mkia ambacho kingeweza kumeza kidole changu. Nilidai daftari, nikaletewa. Lilikuwa safi mno: kalamu ileile, mwandiko uleule, saini zilizonyooka kama zimeandikwa kwa mkao mmoja, hata usiku ambao mtaa mzima ulikuwa gizani kwa umeme kukatika. Dada yangu, sikutukani, kwa maana umekuja mwenyewe kusema. Ila fahamu kwamba mzazi anapolisoma daftari lile hamwoni matroni wala mfadhili. Anaiona saini yako. Mimi kwa miezi kadhaa nilimchukia mlezi mmoja ambaye huenda naye alikuwa peke yake na watu 14.

Mshauri wa Kazi, Arusha

Kwanza suala la kujitolea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii jina lililoandikwa kwenye karatasi. Ikiwa saa zako za kazi zinapangwa na mwingine, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa hadi yeye athibitishe vinginevyo. Wewe saa hizo unazifikisha usiku wa nne wa mwezi.

Pili, usiku sita wa saa 12 ni saa 72 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini isizidi siku tano kwa juma, na saa za ziada zisizidi 10. Kila saa uliyofanya kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ukiachishwa isivyo halali, lalamiko lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nimeona watu wenye hoja nzito wakifika siku ya 50, kwa sababu walikuwa wakisubiri bosi apoe hasira.

Kama kuna watoto hapo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao hayo yawe na leseni, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana mamlaka ya kuyakagua. Usimwendee kwa simulizi tupu, mpelekee tarehe na idadi.

Mwendesha Kituo Kidogo

Nitasema la upande wa pili, hata kama nitaudhi. Mfadhili hujenga bweni kwa furaha kwa kuwa jina lake litakaa kwenye kibao. Mshahara wa mlezi wa usiku hauna pa kubandika kibao, na mimi nimewahi kuandika maombi matatu ambayo kipengele hicho kilikatwa. Hivyo matroni wako huenda hana roho mbaya, ana hofu tu. Hata hivyo hofu yake inamkosesha hoja. Mimi nilipopeleka daftari lenye mapengo, bila kulipamba, ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza tuna walezi wangapi usiku. Daftari lililojaa humwambia mfadhili kwamba mtu mmoja anatosha.

Mlezi wa Zamu, Moshi

Nawashukuru nyote, na baba wa Njiro nimekuelewa. Binti ameonwa na muuguzi, ngozi haijafunguka. Nimemwambia matroni, kwa heshima, kwamba sitajaza tena nisichokifanya, na kuhusu saini za majuma matatu nimeandika barua fupi ya kukiri, nakala moja nimebaki nayo. Hakujibu, alilipiga daftari picha kwa simu yake akaondoka. Jumatatu nakwenda ustawi. Usiku wa jana nafasi 24 kati ya 54 zilibaki wazi, na mstari wa binti umejaa wote.