Wenye babu waliopigana Burma na Keya tupeane uzoefu

Wakuu habari za humu. Naomba wenye wazee waliokuwa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) tuambizane walisimulia nini kuhusu Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita ya Pili ya Dunia, maana shuleni ilikuwa sentensi moja tu mwalimu akafuta ubao. Naanza mimi. Babu mzaa mama alikuwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye nembo ya kifaru begani, 1944 wakaingia bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani waliopigwa Imphal kule India, na mvua za kule ndo zimekolea lakini jenerali Slim, kamanda wao Mwingereza, hataki kusubiri ikauke. Sasa babu akisimulia haanzi na risasi, anaanza na tope. Nyumbu anazama mpaka tumbo, mnakata magogo mnalaza barabarani magari yapite, asubuhi mvua imeshayabeba. Chakula kinadondoshwa na ndege, mawingu yakifunga milima ndo basi tena mnalala njaa. Malaria nayo inaokota watu kuliko bunduki, wanamezeshwa vidonge vya manjano mpaka ngozi inageuka rangi.

Mjukuu_wa_Keya:
Wa kwetu hata hiyo milima hakuiona. Alipanda meli ya Khedive Ismail pale Mombasa, nyambizi ya Kijapani ikaipiga topido karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, ikazama dakika chache tu, karibu watu 1,300 wakaenda. Bibi alikataa kabisa kuweka matanga, anasema maiti iko wapi.

Dereva Mstaafu:
Mzee wangu alifika mpaka Kalewa hukohuko Burma, aliliona lile daraja la chuma la mto Chindwin Desemba 1944, mita 350 na zaidi, hilo alijisifia mpaka anakufa utadhani alilijenga peke yake 😂 Ila ukimgusia mshahara anabadilika sura, mzungu mliyelala naye tope moja anakuzidi mbali, na vita ikiisha unarudi na koti.

Mjukuu_wa_Keya:
@Dereva bora hata koti. Hivi majina ya waliopotea yapo sehemu?

Mleta mada:
Yapo mkuu. Makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, wetu wamo. Wa melini hawako huko ila ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, andika jina kwa spelingi zote unazoweza, karani wa Keya alikuwa anaandika alivyosikia. Wengine shusheni za kwenu.