"Duni" na "hafifu" ni maana moja? Na je, "duni" inatoka kwenye "dunia"?

Msomaji_Makini:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwenye maelezo ya bidhaa naona wengine wanaandika "bidhaa duni", wengine "bidhaa hafifu", kana kwamba ni kitu kimoja. Yanabadilishana kila mahali? La pili: kuna dai kwamba "duni" imekatwa kutoka "dunia", kwa kuwa mambo ya dunia ni ya chini mbele ya akhera. Lina ukweli?

Mzizi:
Nianze na la pili. Si kweli, ingawa dai linavutia. Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, ila mizizi ni tofauti. *Dunya* ni mzizi wa d-n-w, ukaribu. Ni umbo la kike la *adna*, "-a karibu zaidi" au "-a chini zaidi". "Duni" inatoka *dun*, mzizi wa d-w-n, "chini ya", na Kiarabu chenyewe hulitumia pia kwa kitu kisicho na thamani. Anayesoma Kurani ameshakutana nalo katika *min duni-llahi*, "badala ya Mwenyezi Mungu".

Angalia lakini: hiyo -i ya *duni-llahi* ni ya sarufi ya Kiarabu. Ya kwetu imekuja kwa sababu neno la Kiswahili halipendi kuishia na konsonanti. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, mara nyingi huongezwa u: *kitab* ikawa kitabu, *karim* karimu, *sharif* sharifu. Ikiwa ya ncha ya ulimi, mara nyingi huongezwa i: *din* dini, *amin* amini, *rakhis* rahisi. Kwa mkondo huohuo *dun* ikawa duni, na *khafif* ikawa hafifu. Ile kh imelainika kuwa h, kama *khabar* ilivyokuwa habari.

*Khafif* maana yake ni -epesi kwa uzito. Hapo ndipo tofauti unayoiuliza inapoanzia.

Kalamu:
Naendelea alipoishia Mzizi. Hafifu hupima kiasi: wepesi, uchache, kufifia. Duni hupima daraja: kitu kiko chini ya kinachotakiwa.

Chukua kitambaa, kinyooshe mbele ya mwanga. Ukiviona vidole vyako upande wa pili, hicho ni hafifu. Kinaweza kuwa kimefumwa vizuri na rangi yake ikashika, basi si duni. Sasa chukua kingine kizito, ukilowanishe na kukisugua kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, na nyuzi zikikatika ukivuta mshono, hicho ni duni hata kama ni kinene kama turubai.

Ndiyo maana tunasema mwanga hafifu, sauti hafifu, mvua hafifu, ushahidi hafifu, lakini makazi duni, maisha duni, malighafi duni. Ukiandika "sauti duni" kwa maana ya sauti ya chini, msomaji atadhani unalaumu ubora wa kinasa sauti.

Kwa mtu, tahadhari. "Mtu dhaifu" hana nguvu. "Mtu duni" umemshusha hadhi, na hilo ni tusi. Dhaifu nayo ina kazi yake maalumu: "hadithi dhaifu" ni daraja katika elimu ya hadithi za Mtume, huwezi kuweka duni wala hafifu mahali pake.

Sarufi:
Nyongeza mbili ambazo wahariri hukosea.

Duni na hafifu hazichukui upatanisho: kiti duni, viti duni, mbao duni. "Viti viduni" ni kosa. Kosa hili huja kwa kufuata -bovu, ambayo ni ya Kibantu na lazima ipatane: kiti kibovu, viti vibovu, magari mabovu, nyumba mbovu. Tena -bovu ni kitu kilichoharibika au kuoza. Duni kinaweza kuwa kipya kabisa, hakijatolewa hata kwenye boksi.

Vitenzi vyake navyo havifanani. Kuhafifisha ni kupunguza nguvu ya kitu. Kudunisha mara nyingi ni kushusha hadhi ya mtu au kazi yake. Kwa hiyo "mafuta mabaya yamedunisha injini" inagonga sikio, andika "yameharibu".

Msomaji_Makini:
Nashukuru sana. Je, "feki" inaweza kuziba nafasi ya duni? Na "ubora duni" si kujipinga, kwa kuwa ubora tayari ni uzuri?

Kalamu:
Feki, hapana. Feki au bandia ni swali la asili: kimeigizwa. Kiatu feki kinaweza kushonwa imara, na kiatu halisi kikawa duni. Ukimlalamikia muuzaji, chagua moja, maana ushahidi wake ni tofauti: kwa feki unaonyesha nembo, kwa duni unaonyesha soli iliyobanduka.

"Ubora duni" si kosa. Ubora hapo ni kipimo, kama urefu: tunasema "urefu mdogo" bila shida.