Ua wa nyuma kwa Bibi, Kibosho, Kilimanjaro (gumzo la familia)

Godi: Shikamooni wakubwa. Jirani wa juu kwa Bibi kamaliza ghorofa lake, roshani inaangalia moja kwa moja uwanja wa nyuma, pale kwenye kichanja cha vyombo. Bibi hana tena pa kujisitiri. Nataka nitume hela tupande ua kabla ya masika. Nimefikiria duranta, zile za njano. Zinakua haraka.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Si zile za mapambo ya hotelini?

Upendo: Ndizo. Asili yake Amerika, na vile vitunda vyake vina sumu. Desemba tukijazana pale na watoto wote, nani atakaa kuwalinda?

Godi: Basi lantana. Iko kila mahali.

Upendo: Ndio ubaya wake kaka! Nayo ni ya kuja. Ndege wanakula matunda wanaenda kudondosha mbegu hadi msituni. Halafu ng'ombe akiila ini linaharibika, ngozi inababuka juani. Bibi ana ng'ombe bandani.

Baba Mdogo: Minyaa je? Unakata fimbo, unaacha maziwa yakauke siku chache, unachomeka. Wamasai wanazungushia maboma tangu enzi, hata jina la Manyara wanasema limetokana na mti huo.

Upendo: Shikamoo Baba Mdogo. Huo ni wa kwetu kweli, na kwenye ukame hauna mpinzani. Ila maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Mimi ningeuweka kwenye shamba la tambarare, mbali na nyumba.

Mama Neema: Pandeni michongoma, na wezi wakome

Godi: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma 😂

Upendo: Kama mnataka miiba, upande wa njia tuweke olamuriaki. Maua meupe yananukia, matunda yakiwa meusi watoto wanakula, na Wamasai mizizi wanatia kwenye supu. Unakatiwa vizuri ukawa ua wa mita mbili. Ila haukui haraka, Godi usije ukanipigia simu kila mwezi. Tukitaka wa haraka usio na miiba, dodonea. Majani hayapukutiki yote, na huku kwangu Arusha, miteremko ya Meru, unajiotea wenyewe.

Godi: Sawa, njia olamuriaki, juu dodonea mstari mzima. Yale majani marefu ya mpakani tung'oe, yenyewe yameachana achana tu.

Shangazi: Majani gani?

Shangazi: Godi. Majani gani??

Baba Mdogo: 😳😳

Mama Neema: Dar imemharibu huyu

Shangazi: Yale ni masale, alama ya mpaka kwetu Wachaga. Aliyapanda babu yako na baba wa huyo jirani, wazee wakiwa wamesimama wanashuhudia. Isale la mpaka haling'olewi. Ukiling'oa utatakiwa ubebe isale lingine mkononi uende kuomba msamaha, na sijui utalitoa wapi.

Godi: Naomba radhi Shangazi. Hiyo dodonea basi inakaa wapi?

Neema: Bibi kasikia yote nimemsomea. Anasema hivi, nanukuu: "Masale yalikuwa ukuta, nyie ndio mmeacha kuyatunza. Yakatwe vichwa."

Upendo: Bibi yuko sahihi 👏🏾 Isale ni jamii ya drasena, Ulaya wanaipanda kwenye vyungu sebuleni. Ukilikata shina linachipua machipukizi kadhaa chini ya mkato, linajaza. Vile vichwa ukivichomeka wakati wa mvua vinashika mizizi. Na halisumbuliwi na kivuli, chini ya migomba ndipo linapostawi. Dodonea pale kwenye migomba ingedhoofu, inataka jua.

Godi: Kwa hiyo tunajaza mapengo kwa masale yaleyale?

Baba Mdogo: Taratibu. Kuchomeka isale jipya kwenye mstari wa mpaka bila jirani kuwepo ni kutafuta kesi. Aitwe, aone kwa macho yake.

Neema: Bibi anasema la sivyo muingie ndani hatua moja, hapo hakuna wa kuuliza.

Upendo: Lakini jamani, roshani iko juu. Ua wa mpakani hata ukifika mita tatu yeye atauruka kwa macho. Kinachozuia mtu wa juu ni kitu kilicho karibu na wewe. Dodonea tuzipande nusu duara hapo penye kichanja, kuna jua. Halafu mringaringa mmoja kati ya hapo na mpaka.

Mama Neema: Si bora mgrevilea? Unapanda juu haraka

Upendo: Huo wa Australia dada. Mringaringa ni mti wa kihamba, shamba letu la nyumbani, kahawa imeishi chini yake miaka yote, na nyuki wanaupenda. Kiangazi unapukutisha kidogo, tuvumilie.

Neema: Bibi kakubali mringaringa. Ila usiwe karibu na paa.

Upendo: Miche nitaiulizia Tengeru, vitalu viko barabarani pale. Olamuriaki ikikosekana nitatafuta matunda yaliyoiva tuoteshe.

Godi: Aika sana. Hela natuma leo. Nani atamwita jirani?

Shangazi: Roshani imekukera wewe. Jumamosi panda basi uje umwite.

Godi: Shangazi jamani, nauli…

Baba Mdogo: Na panga uje nalo, la hapa halikati.